Mti Usivunje Nyumba

Baba mkwe anataka shamba jeupe. Wewe unataka visiki viachwe vichipue. Mumeo yuko katikati, hajui amsikilize nani. Twende Kongwa tukaone namna ya kuongea kuhusu miti, mkaa na mifugo, na jioni bado mkala sahani moja.

Hebu piga picha hii, mpenzi msomaji.

Ni Novemba, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Jua kali, upepo unapeperusha vumbi, na kila mtu anatazama juu akiwaza mvua ya Desemba. Mke kijana, mwenye miaka mitatu tu kwenye ndoa na mtoto mmoja mgongoni, ametoka kwenye mkutano wa kijiji. Huko amefundishwa kwamba visiki vilivyomo shambani havijafa, na vikitunzwa vitakuwa miti tena. Amefurahi kweli. Anachana kanga yake kuukuu vipande vipande, anaenda shambani, anachagua machipukizi yenye afya na kuyafunga vitambaa ili kila mtu ajue kwamba haya hayaguswi.

Kesho yake alfajiri baba mkwe anaamka na panga lake. Ni msimu wa kusafisha shamba, na kazi hiyo anaifanya tangu akiwa kijana. Jua linapopanda, machipukizi yote yako chini, na vitambaa vya kanga vimetapakaa kwenye vumbi.

Jioni ugali umeivishwa, mlenda upo, lakini hakuna anayekula vizuri. Chumbani mke anamwambia mumewe, "Baba yako haelewi kitu. Ndiyo maana hapa kwenu pamegeuka jangwa." Mume anaruka: "Unamwita baba yangu mjinga? Kwani kwenu kuna msitu?" Wanalala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Familia hii ni ya mfano tu. Lakini kama umewahi kuishi na wakwe kwenye nchi kavu ya katikati ya Tanzania, nadhani tayari unaijua. Sasa niambie ukweli: hapo ugomvi ni wa mti?

UGOMVI WENYEWE SI WA MTI

Ukiusikiliza vizuri ugomvi huo utasikia mambo matatu, na hakuna hata moja linaloitwa mazingira.

La kwanza ni heshima. Mzee amelima shamba lile miaka na miaka. Kwake yeye shamba jeupe, lisilo na kichaka wala kisiki, ndiyo alama ya mwanaume mchapakazi. Shamba lenye vichaka ni la mvivu, na majirani watasema. Leo mke wa mwanawe amefunga vitambaa humo bila kumwambia neno. Mzee hakuona mti pale. Aliona amepitwa.

La pili ni umiliki. Sehemu nyingi za kwetu, anayepanda au kutunza mti ni kama anaweka alama ya kudumu. Mahindi yanavunwa yanaisha, lakini mti unabaki. Mke akianza kuweka alama kwenye shamba la ukoo, wapo watakaojiuliza kimoyomoyo, "Huyu anataka nini hapa?" Swali hilo halisemwi mezani. Linatoka kwa njia ya panga.

La tatu ni tumbo. Kongwa mvua huja msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, na ikikatika katikati mwaka mzima umeharibika. Mzee anaogopa kivuli kitazuia mtama na mahindi, na ndege watapata pa kukaa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ni hofu ya mtu anayejua njaa inafananaje.

Kwa hiyo ukiingia kwenye mazungumzo na hoja ya mti peke yake, unamjibu mtu swali ambalo hajakuuliza. Ndiyo maana mnaongea saa nzima na hamwelewani.

WALIOKUJA NA MAJIBU

Kuna jambo vijana wengi tunalisahau tunapowaona wazee wetu ni wagumu. Kongwa imeshaletewa majibu mengi na watu ambao hawakuanza kwa kuuliza swali.

Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na mpango mkubwa wa karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilihitaji mafuta ya kula. Ramani zilichorwa, hesabu zikapigwa za zaidi ya ekari milioni tatu katika maeneo mbalimbali ya Tanganyika na nchi jirani, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yakang'oa miti na vichaka. Ardhi ya huku ina udongo unaokauka na kuwa mgumu kama saruji mvua ikikoma, na karanga zinakomaa chini ya udongo huohuo. Mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa kwenye hesabu. Kufikia mwanzoni mwa 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Wataalamu walipanda meli wakarudi kwao. Ardhi iliyofyekwa haikuwa na pa kwenda.

Miaka ya 1970 watu wa Dodoma walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema. Lakini kaya nyingi zilipokusanywa mahali pamoja, kuni, nguzo za nyumba za tembe na malisho vilitafutwa palepale, na pori la jirani likaisha haraka. Kisha ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979, kule Kondoa, mifugo yote iliamriwa kuondoka kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, hilo ni kweli na ni la kujivunia. Lakini familia iliyoambiwa iwatoe ng'ombe wake iliagana pia na maziwa na samadi.

Sasa mzee aliyekulia katika hadithi hizo anamwona mke wa mwanawe anarudi kutoka mkutanoni na jibu jipya mkononi. Unashangaa akichukua panga? Tunachokiita ubishi wa wazee, mara nyingi ni kumbukumbu.

Na wazee wa Ugogo wana kumbukumbu ndefu. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja wakati ukame ulipokutana na majeshi ya vita kuu yaliyochukua ng'ombe na nafaka za watu, ilipewa jina lake kabisa: Mtunya. Watu wanaoipa njaa jina hawawezi kulichezea shamba kwa sababu ya semina ya siku moja. Wanataka kuona kwanza.

KISIKI HAI NI NINI HASA?

Kabla hatujaenda kwenye namna ya kuongea, tuelewane kuhusu kinachoongelewa. Mtu asiyejua jambo lake hulitetea kwa kelele.

Kisiki hai ni njia ya kurudisha miti bila kupanda mche. Mti uliokatwa zamani unaweza kubaki na mizizi hai chini ya ardhi. Kila mwaka hutoa machipukizi, na kila mwaka mkulima huyafyeka au mbuzi huyala, kwa hiyo unaonekana kichaka tu. Kazi yako ni kuchagua kisiki, kubakiza machipukizi machache yaliyonyooka, kupogoa mengine, kufunga kitambaa kama alama, kisha kulinda. Kwa sababu mizizi tayari iko chini inakofuata maji, chipukizi lina nguvu kuliko mche wa kitalu unaopandwa leo na kukauka mvua ikichelewa wiki tatu. Na hakuna anayekutoza hela. Unahitaji kisu, kipande cha kitambaa na subira.

Njia yenyewe ilipata sifa duniani kutokea Niger, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuihimiza miaka ya 1980. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Niger nako shida ya kwanza haikuwa ujuzi. Wakulima wa mwanzo walioacha miti shambani walichekwa na majirani. Tena, kwa sheria zilizorithiwa ukoloni, miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, sasa mtu atunze mali isiyo yake kwa nini? Mambo yalibadilika wakulima walipohakikishiwa kwamba wanachokitunza watakivuna wao. Ukiangalia, ni yaleyale matatu: heshima, umiliki na tumbo.

Hapa kwetu, taasisi ya LEAD Foundation yenye makao Dodoma, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, ilianza kuieneza Kisiki Hai vijijini mkoani Dodoma mwaka 2018. Kongwa ni miongoni mwa wilaya zilizofikiwa. Na huko Pembamoto, humohumo Kongwa, yamechimbwa makinga maji yenye umbo la nusu mwezi kwenye malisho, ili mvua inaponyesha maji yasikimbie juu ya ardhi ngumu bali yazame, na nyasi ziote.

Basi jambo lenyewe ni zuri. Lakini jambo zuri likisemwa vibaya linageuka tusi.

UNAMWAMBIAJE BABA MKWE?

Turudi kwa yule mke wetu. Tumpe nafasi nyingine.

Safari hii anatoka mkutanoni na hafungi kitambaa chochote. Anaanza na mumewe, usiku, watoto wamelala. Hasemi "Baba anaharibu ardhi." Anasema, "Kuna kitu nimejifunza, na bila baba hakiwezi kufanyika. Tunamwambiaje?" Umeona hapo? Mume hakulazimishwa kuchagua kati ya mke na baba. Amepewa kazi ya kuwa daraja, na kazi hiyo mume mwenye akili anaipenda.

Kisha wanachagua wakati. Usimkute mzee na panga mkononi, maana kazi ikishaanza kila neno ni pingamizi. Mkute amekaa kwenye kigoda chake jioni, amekula, ameshapewa maji ya kunawa. Salamu kamili, ya Kigogo kama mnaitumia, "Mbukwenyi", au shikamoo ya heshima, bila haraka. Kama mila za kwenu haziruhusu mke wa mwana kumkabili baba mkwe moja kwa moja, mtume mume, au mpitie shangazi. Hilo si unyonge. Njia ndefu ndiyo inayofika.

Halafu swali, kabla ya jibu.

"Baba, hapa zamani palikuwaje?"

Ukiuliza swali hili kwa nia safi, kaa chini, maana utakuwepo kwa muda. Mzee atakuonyesha palipokuwa na mkwaju waliokuwa wakipumzika chini yake wakati wa kulima. Atakwambia migunga ilianzia wapi na ikaishia wapi, na korongo hili lilikuwa kijito cha kuruka kwa hatua moja. Atakutajia dawa iliyotoka kwenye gome la mti ambao mwanao hajawahi kuuona. Wewe uliyetoka semina unajua kupogoa. Yeye anajua kisiki kipi ni cha mti gani. Kati yenu wawili, nani mtaalamu?

Na hapo ndipo ombi linapoingia, dogo na lenye mwisho:

"Baba, tunaomba utuchagulie visiki vitano tu, pale unapoona haviwezi kukusumbua. Tuvitunze misimu miwili. Mtama ukipungua kwa sababu yake, wewe mwenyewe utavikata, na sisi hatutasema neno."

Angalia kilichomo kwenye maneno hayo. Yeye ndiye anayechagua, kwa hiyo heshima iko palepale. Shamba halijabadilishwa jina. Na hofu yake ya njaa haikuchekwa, imewekewa kipimo. Huenda atakubali mpakani tu na kukataa katikati ya shamba. Chukua mpakani! Visiki vitano vilivyochaguliwa na mzee ni salama kuliko hamsini ulivyofunga vitambaa kwa siri, kwa sababu vyake atavilinda na mbuzi wa jirani kwa fimbo yake mwenyewe.

JIKONI: MKAA, KUNI NA HELA

Uwanja wa pili wa vita ni jikoni, na hapa wakwe hawahusiki sana. Ni wewe na mwenzi wako.

Mume amesikia redioni kwamba mkaa unamaliza misitu. Anarudi nyumbani anasema, "Kuanzia leo sitaki kuona mkaa hapa." Amemaliza, ametoka, ameenda kijiweni. Mke anabaki na maharage mabichi na swali moja: nipike kwa nini? Kwa moto wa redio?

Kaka zangu, amri bila hela si utunzaji wa mazingira. Ni kumhamishia mwenzako mzigo. Anayetembea kutafuta kuni ni mama na binti. Anayevuta moshi ni mama na mtoto aliye mgongoni. Kabla hujatoa hukumu ya jiko, kaa jikoni siku moja, mwanzo hadi mwisho.

Nawe dada, ukitaka mtungi wa gesi usianze na "Wenzako wote wanawanunulia wake zao." Ukishamlinganisha na mume wa jirani, gesi imeshasahaulika na kilichobaki ni kidonda. Fanyeni hesabu pamoja. Chukua daftari, andika kwa mwezi mmoja: mkaa umekula shilingi ngapi, kuni saa ngapi, umekohoa mara ngapi. Mwisho wa mwezi wekeni daftari katikati. Karatasi haina kiburi, na hakuna anayegombana nayo.

Huenda jibu lisiwe gesi. Vijijini kujaza mtungi kunaweza kuwa safari, na hela yenyewe hutoka wakati wa mavuno. Basi jengeni jiko banifu la udongo, tumieni matawi yaliyopogolewa kwenye visiki vyenu, au wekeni akiba ya mtungi kidogo kidogo kwenye kikoba. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Ikiwa nchi nzima imejipa miaka kumi, kwa nini wewe umpe mkeo siku moja?

ZIZINI: USIMHESABIE BABA NG'OMBE WAKE

Hapa tunaingia pagumu. Kijana amesoma, ameona malisho yamekwisha na makorongo yanaongezeka. Anamwambia baba yake, "Mzee, hawa ng'ombe wamezidi. Uza nusu."

Mpenzi msomaji, kwa mfugaji ng'ombe ni benki, ni bima ya afya, ni ada ya shule na ni mahari ya huyohuyo kijana anayeongea. Kumwambia auze nusu hadharani ni kama mtu aingie ofisini kwako akutangazie mshahara wako mbele za watu na kuamuru uugawe.

Anza na ng'ombe mwenyewe, usianze na idadi. "Baba, yule mwekundu mwaka huu amekonda. Kiangazi kijacho atafika?" Mfugaji hachoki kuongelea afya ya mnyama wake. Kutoka hapo mazungumzo yenyewe yatafika kwenye malisho, maji, na kama wachache walioshiba si bora kuliko wengi wanaosimama kwa shida. Kongwa ina bahati: ranchi ya taifa iko hapohapo, na kituo cha utafiti wa malisho pia. Mchukue mzee mkaangalie nyasi zilivyotunzwa. Jicho lake litamwambia ambayo mdomo wako hauwezi.

Na kama kuna ng'ombe wa kuuzwa, mzee aamue ni yupi, auze lini na hela iende wapi. Msimwache aone hela ya ng'ombe wake inageuka simu ya mtu.

MTOTO AKIMSAHIHISHA BIBI

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na watoto wanafundishwa kuhusu taka shuleni. Vizuri sana. Sasa mtoto anarudi nyumbani, anamkuta bibi anachoma plastiki nyuma ya nyumba, anapaza sauti mbele ya wageni: "Bibi, unaharibu mazingira!"

Wazazi wengine wanacheka, mtoto ana akili. Wengine wanampiga kofi, mtoto hana adabu. Wote wamekosea. Ukicheka umemwaibisha mama yako. Ukipiga kofi umemfundisha mtoto kwamba ukweli unaumiza anayeusema.

Mwite pembeni. Mwambie, "Ulichosema ni kweli, ila bibi hasahihishwi mbele za watu. Nenda ukamwambie: bibi, tumejifunza moshi wa plastiki una sumu, naomba kazi ya taka iwe yangu." Mtoto amebaki na ukweli wake, bibi amebaki na heshima yake na kazi moja imempungua. Na wewe umelea mtu atakayejua kuongea hadi uzeeni.

NINYI WA MJINI, POLEPOLE

Tusijisahau sisi tunaokaa Dar au Dodoma mjini. Tunapiga simu nyumbani mara moja kwa mwezi, na katika dakika tano tunahubiri: msikate miti, msichome mashamba, msifanye hivi. Halafu tukija likizo tunasimama Kibaigwa, tunapakia magunia mawili ya mkaa kwenye buti kwa sababu mjini bei iko juu.

Nani atatusikiliza? Mkaa mwingi unaotoka pori la kijijini unaenda kuungua mjini. Kabla hujampigia kaka yako simu ya lawama, angalia jiko lako. Na ukimwomba aache kuchoma tanuru, jiulize ataleta nini mezani badala yake. Kama una uwezo wa kumchangia mtaji wa kuku au mizinga ya nyuki, hiyo ni hoja nzito kuliko mahubiri.

MANENO YA KUBADILISHA

Jizoeze haya, hata mbele ya kioo:

Usiseme "Ninyi wazee ndio mlioharibu." Sema "Tumeachiana kazi, tusaidieni tuimalize."

Usiseme "Mtaalamu amesema." Sema "Nimesikia jambo, nataka nijue wewe unalionaje."

Usiseme "Huwa hunisikilizi." Sema "Jana hatukumaliza. Leo jioni una nafasi?"

Usiseme "Shamba lako." Sema "shamba letu", ila hakikisha nawe unashika jembe.

Na ukishinda hoja, usishangilie. Mvua ikija na kivuli kikionekana, mwachie mzee aseme mbele ya wageni, "Ile miti niliichagua mimi." Ni kweli, aliichagua.

HESHIMA SI KUNYAMAZA

Sasa sikiliza na upande wa pili, maana wapo watakaosoma haya na kusema, "Basi nivumilie tu." Hapana. Kuongea kwa adabu ni namna ya kusema jambo. Si namna ya kulimeza.

Yako mambo hayasubiri misimu miwili. Moto ukiwashwa shambani siku ya upepo, simama, piga kelele, omba radhi baadaye. Mtu akitaka kuuza shamba la familia au kufyeka lote kwa ajili ya mkaa bila mwenzi wake kujua, hilo si suala la lugha laini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume, na mke na mume wanaweza kuandikishwa pamoja kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Lipo baraza la ardhi la kijiji kwa ajili ya kusuluhisha. Kwenda huko si kuvunja nyumba, mradi umeanza na kigoda cha mzee.

Na kama jibu la hoja yako ni kipigo, hapo hatuongelei mazingira tena. Tafuta msaada kwa watu unaowaamini, kwa viongozi, kwa dawati la jinsia polisi. Hakuna mti wala ndoa inayostawi hivyo.

Lakini nyumba nyingi hazijafika huko. Nyumba nyingi zina mzee mmoja anayeogopa njaa, kijana mmoja anayeogopa jangwa, na mtu wa katikati aliyechoka. Wote wanaogopa kitu kilekile, wanakiita majina tofauti.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujafunga kitambaa chochote kwenye kisiki chochote, chukua kigoda, kaa karibu na mzee wako, na uulize: "Hapa zamani palikuwaje?" Kisha nyamaza, umsikilize.